Jina la Mtoto wa Subilaga

Kaeni vizuri, wakubwa kwa wadogo. Mkasa huu nimeubeba kifuani na jibu lake sinalo, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Katika kijiji cha Mbangile, juu kwenye mashamba ya chai ya Rungwe, walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Wa kwanza ni Atupele, muuguzi wa zahanati, mwanamke asiyepitwa na kitu. Akikutazama mara moja tu atajua kwamba kiatu chako cha kushoto kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Wa pili ni Ambwene, mnyapara wa wachuma chai, mtu asiyejua kurudi katikati ya njia. Mtume chumvi akute duka limefungwa, atakwenda kijiji cha pili, na cha tatu, na chumvi yako utaipata. Wa tatu ni Gwakisa, mwalimu wa kompyuta wa shule ya sekondari. Wanafunzi walimwogopa kwa ukali, lakini akikaa mbele ya mashine iliyoharibika hugeuka mpole, kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa.

Zahanati ya Mbangile ilikuwa na kompyuta moja ya mezani, na kipimo cha ultrasound kilichochomekwa kwa waya nyuma yake. Kwa vifaa hivyo viwili, Atupele aliweza kumpelekea daktari wa hospitali ya wilaya picha ya mtoto aliye tumboni, na mapigo ya moyo wa mtoto yakatoka kwenye spika, daktari akayasikiliza kwa simu. Mama hakuhitaji kutoka kijijini.

Sasa sikilizeni yaliyotokea.

Jumanne moja, saa mbili asubuhi, Subilaga alifika zahanati akishikwa mkono na mama mkwe wake, Bibi Tusekile. Mimba ilikuwa ya miezi minane na nusu.

"Sista, mtoto hachezi," Subilaga alisema. "Tangu jana mchana."

Atupele alimlaza kitandani, akaweka sikio kwenye kile chombo cha kusikilizia kilicho kama pembe. Akasikiliza upande huu, akasikiliza upande ule. Akainuka, akakiweka chombo mezani.

"Umesikia nini?" Bibi Tusekile akauliza.

"Nasikia mapigo, bibi, lakini sina hakika kama ni ya mtoto au ya mama yake. Twende tumpeleke wilayani. Gari lipo."

Daraja la njia ya mkato lilikuwa limebomolewa na mvua. Gari lingelazimika kuuzunguka mlima, saa tatu za mashimo na mawe. Subilaga alisikia neno gari, akashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

"Mtoto wangu wa kwanza nilimpotezea kwenye barabara ile ile," alisema. "Sipandi tena gari hilo mpaka mtu aniambie huyu yuko hai, na kwa nini natakiwa kwenda. Nionyesheni kwanza."

Hakupaza sauti, lakini Bibi Tusekile alipomtazama usoni alijua hakuna wa kumnyanyua pale.

Atupele akawasha kompyuta. Skrini iliwaka na herufi kubwa zenye ukungu, kama kitu kinachotazamwa kupitia chupa. Programu ya ultrasound ikakataa kufunguka. Pembeni, alama ya spika ilikuwa na msalaba mwekundu. Mashine haikutoa picha wala sauti.

Hapo ndipo kazi ya wale watatu ilipoanza.

Atupele alimpigia daktari kwanza, kisha akairudia kompyuta. Yeye si fundi, na mwingine angeizima na kuiwasha mara kumi kisha akakata tamaa. Yeye alisoma kila neno lililotokea kwenye skrini, akiandika kwenye karatasi. Aliona jina la draiva ya picha. Draiva, kama hamjui, ni programu ndogo inayoifundisha kompyuta kuzungumza na kifaa kilichomo ndani yake; ikiwa si ya kifaa hicho, hawasikilizani. Atupele akachomoa waya wa umeme, akafungua ubavu wa kompyuta kwa bisibisi ya zahanati, akamulika tochi kwenye kadi ya picha, kile kipande cha ndani kinachotuma picha kwenye skrini. Akasoma namba iliyochapishwa kwa herufi ndogo kuliko punje za ulezi. Namba ya kadi na ya draiva zilifanana kila kitu isipokuwa herufi moja ya mwisho. Kwenye kadi ilikuwa G. Kwenye skrini ilikuwa C.

Akampigia Mwalimu Gwakisa.

Akamsomea namba zote mbili na kumtajia ule msalaba wa spika. Kisha Gwakisa akasema, "Hiyo ya mwisho ni G? Una hakika?"

"Ninaiona kwa macho yangu, mwalimu."

"Basi nakuja. Lakini nitahitaji faili lake, na faili la sauti pia. Ni makubwa. Mtandao wa hapo kwenu unatosha kupeleka picha, lakini hautayashusha leo. Mtu aende kiwanda cha chai."

Ambwene alikuwa amekuja kufungwa kidonda cha mkono. Alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, na yote aliyasikia. Aliomba ile karatasi yenye namba, akachukua flashi, akaondoka huku bandeji ikiwa imefungwa nusu. Kutoka zahanati hadi kiwandani ni kilomita nne kwa miguu, lakini katikati pana mto na lile daraja lililobomoka. Zilibaki nguzo mbili za chuma zilizolala kutoka ukingo hadi ukingo. Ambwene akavuka kwa kukalia nguzo moja na kujisogeza, maji yakipita kwa kishindo chini ya miguu yake. Kiwandani karani alimkaribisha kwenye kompyuta ya ofisi, wakaanza kushusha faili. Lilipofika nusu, umeme ukakatika. Likaanza upya. Likafika robo tatu, mtandao ukakatika.

"Kaka, rudi kesho," karani akamshauri.

"Kesho hatutalihitaji tena," Ambwene akajibu. Akavuta kiti, akakaa. Mara ya tatu faili likakamilika, na la sauti likafuata. Akaifunga flashi ndani ya mfuko wa nailoni, akaining'iniza shingoni kwa kamba, akarudi kwa nguzo ile ile. Alipoingia zahanati ilikuwa saa tano na nusu, na bandeji ilikuwa imekwenda na maji.

Gwakisa alikuwa amekwisha kufika, na hakukaa bure. Aliiwasha kompyuta katika ile hali ya tahadhari ambayo mashine huwaka na vitu vichache tu, akaing'oa draiva isiyofaa pamoja na mabaki yake, faili moja baada ya jingine. Ambwene alipompa flashi, akaweka draiva mpya. Skrini ikawa nyeusi. Ikakaa nyeusi. Bibi Tusekile akafumba macho na midomo yake ikawa inatembea kwa sala. Gwakisa hakugusa kitu.

"Acheni," alisema taratibu. "Inajipanga."

Skrini ikarudi, safi, herufi zimekonda. Atupele akapaka mafuta kwenye tumbo la Subilaga, akaweka kipimo, na pale kwenye kijivu cha picha kikaonekana kitu kidogo kinachofumba na kufumbua.

"Huo ni moyo," Atupele alisema. "Subilaga, tazama. Huo ni moyo wake."

Subilaga aliachia ukingo wa kitanda. Machozi yakamtoka hadi masikioni kwa kuwa alikuwa amelala chali. Bibi Tusekile akasogea hadi kwenye skrini.

Lakini daktari, aliyekuwa akiitazama picha hiyo wilayani, akasema kwenye simu, "Namwona. Yuko hai. Maji yake ni machache. Nipeni sauti, nataka kujua moyo unachoka au hauchoki."

Sauti haikuwapo. Gwakisa akaweka draiva ya sauti, akazima, akawasha. Ule msalaba mwekundu ukaondoka, lakini spika zikabaki kimya. Akaiondoa, akaiweka tena. Kimya. Mwingine angeanza kupiga meza. Yeye aliweka mikono magotini, akafikiri, kisha akafungua mahali panapoonyesha sauti inaelekezwa wapi. Kumbe draiva mpya ya picha ilikuwa imeivuta sauti yote na kuipeleka kwenye skrini, na skrini ile haina spika. Akabonyeza mara mbili.

Chumba kikajaa mapigo. Tupu-tupu, tupu-tupu, haraka haraka, kama mtu anayekimbia nyuma ya ukuta. Wakasikiliza dakika ya kwanza, na ya pili. Katika dakika ya tano mapigo yakazubaa, yakawa mazito, kisha yakajivuta yakarudi.

"Mmesikia hapo?" daktari akasema. "Anachoka. Mleteni sasa hivi. Mama, unanisikia? Tutakupasua, na nina matumaini makubwa naye."

"Nakusikia, daktari," Subilaga akasema. "Nimemwona na nimemsikia. Nakuja." Akateremka kitandani mwenyewe.

Saa kumi kasorobo jioni alizaliwa wilayani mtoto wa kike, kamba ya kitovu imemzunguka shingo mara mbili. Alilia kwa hasira hata wauguzi wakacheka. Bibi Tusekile alipopiga simu Mbangile hakuweza kusema zaidi ya neno "ndaga", asante, akilirudia mpaka salio likaisha.

Wiki mbili baadaye mama na mtoto walikuwa nyumbani, na Bibi Tusekile akawaita wale watatu kula. Kwa desturi ya nyumba ile, jina la mjukuu hutolewa na yeye. Baada ya chakula akasema, "Sina cha kuwalipa. Nina jina tu. Mtoto huyu ataitwa jina la yule aliyemtoa gizani. Majina yenu yote hubebwa na wanaume na wanawake, na Gwakisa kwa msichana tutamwita Kisa. Niambieni, nani?"

Atupele akasema, "Kama nisingeisoma ile herufi, Ambwene angetumwa kuleta nini? Na mwalimu angekuja kutengeneza nini?"

Ambwene akasema, "Karatasi yenye namba haimwonyeshi mtoto, na fundi bila faili ni mtu aliyekaa mbele ya skrini. Mimi peke yangu ndiye niliyeweza kufia pale mtoni."

Gwakisa akafuata. "Faili likiwa kwenye flashi halimsaidii mtu," alisema. "Niliyeipa mashine macho na masikio ni mimi. Lakini lazima niseme hili. Wiki moja kabla, skrini ilikuwa inacheza cheza. Sista hakuwapo, nikaomba ufunguo nisaidie. Niliyeweka draiva yenye C ni mimi. Sikuangalia herufi ya mwisho."

Hapakuwa na aliyekasirika. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwa mama yake, na furaha ya kumwona ilizidi mengine yote. Lakini jambo likawa gumu zaidi. Atupele akamtazama Gwakisa, akasema, "Na mimi niliporudi Jumatatu niliiona skrini imebadilika, nikasema nitaishughulikia kesho."

"Mimi sikuharibu kitu," Ambwene alisema. Akafikiri kidogo, akaongeza, "Lakini pia sikuelewa nilichobeba kinafanyaje kazi. Mngenipa chumvi ningeivusha vile vile."

Subilaga akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile, akamwangalia mama mkwe wake. Bibi Tusekile akawaangalia wote watatu, akaweka chini kalamu aliyoishika. Kadi ya kliniki bado imeandikwa "mtoto wa Subilaga", na keshokutwa ni siku ya chanjo.

Haya basi. Yuko aliyeona kosa, yuko aliyevuka mto, na yuko aliyetengeneza kile alichokuwa amekiharibu mwenyewe. Wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, ukipewa kalamu na ile kadi, utaandika Atupele, Ambwene, au Kisa?