Koti Kwenye Msumari

Sogeeni motoni, na mlango muuache wazi kidogo. Leo nawapa kesi. Mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana sitairudia.

Huko Makete juu, ambako mwezi wa saba umande huganda kwenye majani ya viazi, walikuwepo ndugu watatu. Obeti alikuwa fundi chuma. Bati walilotupa wenzake yeye aliliona chombo. Dada yao Falesi alizijua kuni: angegonga gogo kwa kidole akakwambia kama limekauka hadi moyoni. Jorami, kitinda mimba wao, alikuwa seremala, mbishi kuliko wote, na alizijua njia za upepo ndani ya nyumba.

Walikuwa na kaka yao, Lutengano, mume wa Edina. Huyo alijenga nyumba ya mbao mbali na nguzo za umeme, akaziba kila ufa kwa mikono yake, akaweka paneli za jua na hita ndogo. Ukungu ulipokaa siku nyingi na betri zikaisha nguvu, aliingiza jiko la mkaa chumbani akafunga mlango. Edina alikuwa kwa mama yake. Aliporudi alimkuta mumewe amelala, uso umetulia, na jiko limebaki majivu. Mimba yake ilikuwa bado changa.

Desturi ya ukoo ule ni kwamba mtoto wa marehemu lazima azaliwe chini ya paa la baba yake. Kwa hiyo Edina hakuweza kuhama. Baada ya mazishi wale ndugu wakakaa kuamua: jua likikosekana tena, nyumba hii itaota moto gani?

"Mkaa hauingii humu tena," alisema Falesi, na hakuna aliyebisha.

Obeti akakata pipa, akaunda jiko la kuni lenye mlango, na bomba la moshi hadi juu ya paa. "Moshi utatoka wenyewe, shemeji," alisema. "Wewe kazi yako kulala."

Falesi akazikataa kuni za mti wa msindano, kwa sababu utomvu wake hujaza bomba masizi. Akapasua miti migumu ya miwati, akaipanga chini ya ukingo wa paa, akawa anaigeuza kila apitapo, hadi ikawa myepesi mkononi. "Hizi hazitakusumbua, wifi."

Jorami akaja na keekee. "Jiko nalo linavuta pumzi. Lazima nitoboe ukuta."

Edina akasimama mbele yake. "Shemeji, ukuta huu aliuziba mwenyewe."

"Na ndio uliomuua," alisema Jorami, akatoboa huku mjane analia.

Mwezi wa saba ukungu ukashuka, betri zikaisha, na uchungu ukamshika Edina kabla ya miezi kutimia. Falesi akampokea mtoto wa kiume, mdogo mno, akawasha jiko, kisha akakimbilia zahanati kumwita muuguzi. "Joto lisipungue," alisisitiza. "Likipungua tu, hatunaye."

Edina akafunga komeo, akabaki na mwanawe. Upepo ulikuwa ukipita kwenye tundu la Jorami, na ndani ya mvumo ule akasikia pumzi nzito za mtu aliyelala. Alizijua pumzi zile. Aliogopa, na kusema kweli, alifurahi pia. Lakini baridi ilikuwa inamfikia mtoto. Akaondoa koti la marehemu kwenye msumari, akalisokomeza tunduni. Pumzi zikakatika, chumba kikapata joto zuri.

Baadaye kichwa kikamgonga. Moshi ulikuwa unarudi ndani kidogo kidogo. Alielewa kinachotokea, akajaribu kuinuka, miguu ikamgomea. Kitu cha mwisho alichosikia ni nguo ikiburutwa sakafuni.

Aliamshwa na kilio cha mtoto. Tundu lilikuwa wazi, linavuma. Koti lilikuwa kwenye msumari, kola imekunjwa kwa ndani, jinsi marehemu alivyozoea kulitundika mwenyewe. Komeo lilikuwa bado limefungwa; Falesi na muuguzi walipofika, ilibidi wagonge.

Sasa, kwa ukoo ule, aliyemwokoa mtoto ndiye humpa jina lake mwenyewe, na mtoto humhesabu mzazi.

"Bila jiko langu tungekuwa tunachimba kaburi," alisema Obeti.

"Jiko tupu halimpashi mtu joto," alijibu Falesi. "Kuni zangu je? Na kwa kuwa ni wa kiume, jina nitampa la babu yangu."

"Na hewa mtoto aliivuta wapi, kama si tunduni kwangu?" aliuliza Jorami.

Edina akamvuta mtoto kifuani. Habari ya koti hajamwambia mtu. Akiisema, mtoto ataitwa Lutengano, na wazee wanasema marehemu anayetajwa kila asubuhi nyumbani kwake hawezi kuondoka. Edina anataka abaki. Anamtaka hadi kifua kinamuuma. Lakini akisimama mlangoni jioni kumwita mwanawe, atakayeitika kwanza ni nani?

Chai imekwisha, na wote watatu wanamtazama Edina. Mtoto yupo kifuani kwake, hana jina.

Haya, niambieni ninyi. Huyu mtoto ni wa jiko, wa kuni, wa tundu, au wa aliyelitundika koti? Na wewe ungekuwa Edina, ungesema, au ungenyamaza?