Barafu Iliyokuja Kutoa Pole

"Ukiupindua mtumbwi wangu, Nakunda, umenizika mzima mzima!"

"Nani anataka kukuzika? Nataka tuuvute nchi kavu, tuulaze kifudifudi, tuufunike matete. Baridi ikipita utaurudisha majini."

"Na majirani wakiuona?"

"Wauone. Macho ni yao."

Mruma alimcheka. "Dada, wewe ukiona ukungu tu unaona mazishi."

Wakati huo barafu haikuwa na makao mamoja. Mchana ilipumzika mlimani, na kila kipupwe, giza likiingia, ilishuka kunywa maji ya ziwa. Kulipopambazuka, ziwa lilikuwa limefunikwa na ngozi ngumu, nyembamba, kama utando wa uji uliopoa. Jua likipanda, barafu ilijikusanya na kurudi juu. Hakuna aliyeiogopa. Ilikuwa jirani kama majirani wengine, na watoto waliimega kando ya maji wakainyonya.

Mitumbwi ilikaa majini mwaka mzima, imefungwa kwenye vigingi, kwa maana mti uliozoea maji ukiachwa juani hupasuka. Mtumbwi ulipinduliwa siku moja tu, siku ambayo mwenyewe alikufa. Mpita njia akiona tumbo la mtumbwi limetazama mbingu, alitua mzigo wake akaanza kulia. Ndiyo maana Mruma hakutaka kusikia neno la dada yake.

Lakini Nakunda alikuwa na sababu. Yeye ndiye aliyekuwa akisuka migono ya kunasia samaki pale ufukweni alfajiri, karibu na vigingi. Kila upepo ulipoisukuma barafu, alisikia sauti ndogo, kre, kre, kre, kama mtu anayekereza mfupa. Siku moja aliingia majini hadi magotini akapapasa ubavu wa mtumbwi. Palikuwa na mfuo mwembamba pale maji yalipogusana na mti, nao ulizunguka mtumbwi wote. Ulikuwa mtumbwi wa marehemu baba yao, ubavu wake umechongwa ukachongwa hata ukawa mwembamba kama kibuyu. Nao hawakuwa na mwingine.

Alimwita kaka yake aje aone. Mruma alitazama akasema, "Huo ni uchafu wa maji. Sugua, utatoka."

Mwaka ule baridi haikuondoka upesi. Barafu ilishuka siku kumi na tano mfululizo, na asubuhi ya kumi na sita ndipo walipogombana vile juu ya kuupindua mtumbwi. Mruma alichukua kasia. Nakunda, kwa hasira, akamwambia, "Haya, nenda! Ukizama usitegemee nitakulilia."

"Utalia tu, dada. Wewe hulia hata mbuzi akichinjwa."

Akaondoka akicheka. Jua lilipokuwa la utosi, naye yuko katikati ya ziwa, mfuo ule ukafunguka. Waliokuwa ufukweni walimwona akisimama ghafla, kisha wakaona kasia peke yake likielea. Siku ya tatu ziwa lilimrudisha. Watu walitafuta mtumbwi wa kupindua kama desturi, wakapata kipande tu. Nakunda alikipindua kwa mikono yake mwenyewe, akaingia nyumbani.

Hakulia. Wanawake walimshika mabega, wakamsihi, wakasema kilio kikikaa ndani humla mtu. Alikuwa amesema hatalia, na maneno yale ndiyo ya mwisho aliyompa ndugu yake.

Siku ya saba, jioni, barafu nayo ilikuja kutoa pole. Moto ulikuwa unawaka ndani, kwa hiyo haikuweza kuingia. Ilisimama mlangoni ikidondosha maji kizingitini.

"Nimefika," ilisema. "Sikujua, Nakunda. Nilishuka kunywa tu, kama kila mwaka."

Nakunda alijua inasema kweli, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Angetaka iwe imekusudia. Sasa alibaki na ukaidi wa marehemu, ambao hausemwi matangani, na mdomo wake mwenyewe. Aliinuka, akaenda mlangoni, akaiambia maneno machache. Barafu ikageuka, ikapanda mlima usiku ule ule.

Na kutoka hapo hadi sasa iko kule kileleni, nyeupe, na sisi tulio chini tunaiona kila asubuhi. Haishuki. Huyeyuka kidogo kidogo, na maji yake hutiririka hadi ziwani, yenyewe isiyafuate. Nasi kipupwe kikifika tunavuta mitumbwi nchi kavu na kuilaza kifudifudi chini ya matete, ingawa barafu haipo tena ziwani na wenye mitumbwi wako hai, wamesimama pale pale. Hakuna anayecheka. Kisha dada mkubwa wa kila nyumba hugonga tumbo la mtumbwi mara moja, akautazama mlima, akayarudia yale aliyoyasema Nakunda mlangoni:

"Pole yako nimeipokea. Maji hutayapata tena."