Ukaguzi Ulioondolewa

Ndugu zangu, kulikuwa na fundi mmoja wa kompyuta. Tumwite Ndeshi. Aliandika programu za mashine zinazowapa joto watoto njiti hospitalini.

Ndani ya mashine hizo kulikuwa na programu ndogo ndogo, kila moja na sehemu yake ya kumbukumbu, marufuku kugusa ya mwenzake. Juu yao ilikuwapo programu kuu, yenye ruhusa ya kuandika popote. Ndogo ikihitaji kitu, huiambia kuu: niandikie jibu mahali fulani. Na kuu, kabla ya kuandika, ilipaswa kuuliza: mahali hapo ni pako kweli?

Ndeshi aliona swali hilo linachelewesha mashine. Akalifuta.

Mwenzake, mzee Kirumbi, akamwuliza, "Mbona ukaguzi siuoni?"

"Programu zote humu tumeandika wenyewe, mzee. Nani atatudanganya?"

"Sisemi kudanganya. Nasema kukosea."

Ndeshi akaahidi kuurudisha. Hakuurudisha.

Alhamisi moja mchana Ndeshi alikuwa wodini, akiongeza programu mpya ya kurekodi uzito wa watoto. Mama mmoja akasema, "Nesi, mwanangu anawaka."

Nesi akatazama kioo cha mashine. "Joto lake liko sawa, mama."

"Mguse."

Nesi akaingiza mkono, akautoa upesi. Nesi aling'oa waya ukutani, akakimbilia mashine ya pili, ya tatu. Zote zilikuwa moto, na vioo vyote vilisema salama. Watoto wakawekwa vifuani mwa mama zao. Wanne walilia. Wa tano hakulia. Pumzi yake ilikuja, ikakawia, ikaja tena. Wodi nzima iliisikiliza pumzi ile.

Aliishi, Mungu ashukuriwe. Lakini mama yake alikaa siku kumi na moja bila kujua kama ataishi.

Ndeshi na Kirumbi walifungua kumbukumbu za mashine, orodha ya nani aliandika nini. Programu ya uzito ilikosea, ikaomba namba zake ziandikwe mahali pa kipimo cha joto; mashine ikazisoma kama joto lililo salama ila pungufu kidogo, ikazidi kupasha. Yenyewe isingeweza kufika pale, ingezuiwa. Basi nani aliandika? Palisomeka: programu kuu.

"Ile ndogo haikugusa kitu," Kirumbi akasema polepole. Ndeshi akalia.

Ndugu, nikisimulia haya naogopa, kwa sababu namwona mzee wa kanisa, namwona mzazi, najiona mimi. Sisi tumepewa ruhusa ya kufika ambako wengine hawafiki. Mtu anakuja anatabasamu: "Mchungaji, niitie yule binti, wewe anakuheshimu." Umemwuliza anamtakia nini? Au ulimwita tu, kwa kuwa anayeomba ni wa kwetu? Yeye peke yake asingeufungua mlango ule. Ulifunguliwa na sauti yako.

Siku kumbukumbu zitakapofunguliwa, hatutaulizwa nani aliomba. Tutaulizwa nani aliandika. Je, pale patasomeka jina la nani?