Kebaya ya Kijani

Wahenga waliposema usione vyaelea, vimeundwa, walitaka tukiona jambo la kupendeza tukumbuke jasho lililolitengeneza. Maneno hayo yangemfaa sana Mama Kasiyem, fundi cherehani wa kijiji kimoja karibu na Ponorogo, Indonesia. Macho yake yalikuwa makali kwa nguo za watu, lakini mazito kwa mambo ya binti yake.

Binti huyo, Winarsih, alikuwa Hong Kong mwaka wa nne, akimtunza kikongwe wa watu, huku mwanawe Galuh akilelewa na bibi yake kijijini. Mkataba ulikaribia kwisha na roho ya Winarsih ilikuwa nyumbani. Roho ya mama yake ilikuwa kwenye vigae. Nyumba za majirani wenye watoto ng'ambo zilikwisha kung'aa sakafu hadi nguzo, na yake bado ilikuwa ya saruji iliyochimbika.

"Ongeza miaka miwili tu, mwanangu," alimwambia kila walipozungumza kwa simu.

"Tutaona, Mama," Winarsih alijibu.

Sikukuu ya Idd ilifika na picha yake. Winarsih yuko bustanini, meno yote nje, amevaa kebaya, blauzi ya sikukuu ya kwao, ya kijani yenye maua ya dhahabu. Mama Kasiyem alivimba kichwa! Alijaza sahani ketupat, wali wa sikukuu uliopikwa ndani ya majani ya mnazi, akavuka kwa jirani yake, Mama Tukirah, ingawa sahani ilikuwa kisingizio tu.

"Hebu mtazame malkia, jirani! Halafu ananiambia eti huko maisha ghali."

"Wee, hata Endang wangu huko huko Hong Kong hajambo," Mama Tukirah alijibu, akichomoa simu yake. "Tazama nawe ufe kwa wivu."

Endang naye alivaa kebaya ya kijani yenye maua ya dhahabu. Wazee wakacheka, wakasema wasichana wamenunua duka moja. Ghafla kicheko cha Mama Kasiyem kikakatika. Kebaya ya Winarsih haikuwa na kifungo cha tatu, na mahali pake palibanwa kwa pini. Ya Endang vilevile.

Alirudi nyumbani, akapiga simu.

"Winarsih, ile kebaya ya nani?"

Binti akacheka kidogo. "Ya sisi sote sita, Mama. Tuliichangia. Mmoja anavaa, anapigwa picha, anamvulia mwenzake nyuma ya miavuli."

"Kwani huna nguo yako ya Idd?"

"Mama, huku sahani moja ya wali na kuku, nikiigeuza bei iwe rupia, ni chakula chenu cha siku nne. Mkono unarudi wenyewe, nanunua mkate. Sikutaka mjue. Lakini usijali, kesho natia saini. Vigae utapata."

Mama Kasiyem aliitazama sakafu yake. Galuh alikuwa amejilaza palepale akichora, hana habari na mashimo. Aibu ilimshika kwa kila mara alipotaja vigae.

"Usitie saini," alisema. "Rudi, mwanangu."

"Na vigae?"

"Vigae vimewahi kuniita mama? Nimesema rudi!"

Winarsih akaangua kilio. Galuh akamnyang'anya bibi simu, akauliza, "Mama, ndege yako inafika saa ngapi?"

Winarsih alipofika, alikuta kebaya mpya ya kijani imetundikwa mlangoni, vifungo vyote vimetimia. Mama alikuwa ameishona kwa vipimo vya zamani. Binti alipoivaa, ilimpwaya kama gunia.

Mama Kasiyem alibana pini midomoni asije akalia, akaanza kupunguza ubavuni, upande huu na upande ule.

"Simama vizuri," alimgombeza mwanawe, machozi yakimtiririka. "Hii hutamvulia mtu."

Kumbe lile tabasamu la pichani lilikuwa limekula mwili wa mtu. Kweli, usione vyaelea, vimeundwa.