Kaburi Lililobaki Nje ya Mkataba

"Karatasi haina masikio." Mmeisikia jana mnadani, mkacheka, na leo mnataka kujua imetoka wapi. Chekeni tu, wajukuu zangu. Yule iliyemtokea hakucheka.

Ilianzia milimani kwetu Upareni, kwa mzee Kiangi. Hakujaliwa mtoto, na mkewe Nakunda alizikwa shambani mwao, nyuma ya migomba. Kila asubuhi Kiangi alikwenda kaburini kumpa habari: kahawa imechanua, binti wa jirani ameolewa. Hakuwa na mwingine wa kuzungumza naye. Magoti yalipomkatalia na jembe likamshinda, akamuuzia shamba rafiki yake Mgonja, akapanga chumba karibu na zahanati.

Siku ya kuandikiana, Mgonja alisema mbele ya mashahidi, "Kaburi ni lako, kaka. Utapita utakavyo, mpaka mwisho wako."

Mwandishi akauliza, "Na hilo niliandike?"

"Acha," Kiangi akamzuia. "Rafiki yangu ametamka mwenyewe. Nikitaka na maandishi, si nitakuwa namwita mwongo?"

Adabu zake hizo! Mwandishi akamalizia: shamba lote limeuzwa, wala hakuna makubaliano mengine nje ya maandishi haya. Wakatia dole gumba.

Mgonja alitimiza neno lake hadi alipofariki. Mpwa wake aliyerithi shamba akazungusha seng'enge, akatia lango kufuli. Kiangi akaenda mahakamani, na mashahidi wote wakasema kweli tupu.

Hakimu aliwasikiliza, kisha akavua miwani. "Mzee wangu, nakuamini. Lakini ushahidi wa mdomo hutusaidia pale maandishi yanapokuwa na utata. Haya yako wazi, tena yanasema hakuna jingine. Siwezi kuongeza neno mlilokataa kuliandika."

"Lakini lilisemwa, mheshimiwa! Na karatasi ilikuwa pale pale mezani."

"Ilikuwepo, mzee. Ila karatasi haina masikio."

Tangu hapo Kiangi alisimama barabarani, akampa mkewe habari kwa kupaza sauti, maana migomba ilikuwa mbali. Wapita njia walidhani amerukwa na akili, wakaongeza mwendo. Inaniuma mpaka leo. Siku moja walimsikia akisema, "Nakunda, nisamehe. Nilimwonea haya rafiki, nikakuuza wewe."

Akasubiri kidogo, kisha akarudi chumbani kwake peke yake.

Karatasi haina masikio, wajukuu zangu.