Umazi na Mikate Myeupe ya Fungo

Wenzangu, mpo?

Tupo, tunasikiliza.

Nilete nisilete?

Lete, tuipokee.

Basi, hapo kale, kale hasa, watu na wanyama walikuwa wakienda soko moja. Mtu akiuza, mnyama ananunua. Mnyama akiuza, mtu ananunua.

Palikuwa na mjane jina lake Umazi. Alikuwa na binti mmoja, Mbeyu, wa miaka saba. Nyumba ya pili alikaa wifi yake, Nyevu, dada wa marehemu mumewe. Nyevu hakujaliwa mtoto, naye alimpenda Mbeyu kama aliyemzaa mwenyewe.

Wanawake hao walikuwa maskini. Kazi yao ilikuwa kusuka mikeka. Kila mmoja alimaliza mkeka mmoja kwa juma, akaupeleka sokoni kubadilisha na chakula. Mkeka mmoja, basi. Ulichopata ndicho cha kula mpaka soko jingine.

Umazi alikuwa akienda moja kwa moja kwa Kanga, ndege wa madoa, muuza nafaka. Kanga akampimia kunde, akampimia mtama, akamwongezea dagaa wa kujaza viganja viwili.

"Mboga usinunue," Kanga alimwambia. "Mnavu umeota nyuma ya zizi. Mchunga uko kando ya njia. Majani ya maboga unayo uani kwako. Chuma tu."

Umazi akawa analoweka kunde jioni na kuzibandika asubuhi. Leo kunde na mnavu. Kesho ugali wa mtama na dagaa. Kesho kutwa majani ya maboga, na maji yaliyochemshiwa kunde akayapikia uji wa mtoto. Siku ya soko ikifika, chungu chake hakijalala kitupu hata mara moja.

Siku moja akaja sokoni muuzaji mgeni. Alikuwa Fungo, yule mnyama wa madoadoa na miguu mifupi. Alikaa pembeni, peke yake, amejifunika kaniki mpaka mikono haionekani. Mbele yake palikuwa na makapu ya mikate. Mikate myeupe, iliyovimba, laini kama sufi, yenye harufu ya sukari.

"Mkeka mmoja, kapu zima," alisema Fungo. Sauti yake ilikuwa ya chini sana, na hakumtazama mtu.

Nyevu akatoa mkeka wake, akabeba kapu. "Wifi, wewe endelea kuchuma majani kama mbuzi," akamwambia Umazi huku akicheka. "Mimi juma hili nitakula vizuri."

Soko la kwanza likapita. Nyevu akasema, "Ajabu, wifi. Nimekula mikate kumi tangu asubuhi, na njaa iko palepale." Akachukua wa kumi na moja.

Soko la pili likapita. Mvua ikanyesha, ua ukawa tope. Nyevu akavuka ua kuja kuomba moto. Alipoondoka, Umazi akatazama chini. Tope lilikuwa limelala sawa kama mvua ilivyoliacha. Hapakuwa na unyayo.

Soko la tatu likapita. Nyevu akizungumza, sauti yake ikawa inatoka kama kwa mtu aliye ng'ambo ya mto. Akisimama juani, kivuli chake kilikuwa chepesi, kama maji yaliyomwagika yakaanza kukauka.

Umazi akaogopa, lakini akaendelea kusuka. Alifikiri, haya ni ya nyumba ya pili.

Lakini jioni ile Mbeyu alikataa kunde. Umazi akamwinua ampeleke kulala. Akamwinua kama mtu anayeinua kuti kavu. Akamsimamisha penye majivu ya jikoni, akamwambia, "Tembea, mwanangu."

Mtoto akatembea. Majivu hayakusogea.

"Umekula nini, Mbeyu?"

"Mikate ya shangazi."

Umazi akaenda kwa wifi yake. "Nyevu, umempa mtoto nini?"

"Nimempa anachokipenda," Nyevu akajibu. "Kwako analia, kwangu anacheka. Ni kosa?"

Umazi akaona kweli wifi yake alimpa kwa mapenzi, akarudi kwake.

Siku ya soko akaamka mapema, akamkuta Kanga njiani. Kanga alikuwa amesimama, ameinamisha shingo, anatazama ardhi. Fungo alikuwa ametangulia kupita. Nyayo zake zilikuwa ndogo kama za paka, lakini zilikuwa zimezama chini kama za nyati.

"Mnyama mdogo vile hakanyagi hivi," Kanga akanong'ona. "Uzito huo si wake."

"Ni wa nani?"

"Wa wanaokula mikate."

Umazi akamshika Kanga bawa. "Utarudije?"

"Ulitokea mdomoni, utarudi kwa mdomo. Mpe aliyekula mikate chakula kilichotoka ardhini na majini, siku tatu. Kitakuwa kichungu kwake, lakini ale. Na mkate asiuonje tena, hata chembe."

Umazi akaenda mpaka mbele ya Fungo, akatandika mkeka wake. Watu na wanyama walikuwa wamejaa.

"Bwana Fungo," akasema, "onja mkate mmoja, mkeka huu wako."

"Nimeshiba," Fungo akasema.

"Onja kipande."

"Nimeshiba."

"Lamba chembe tu, tuone."

Watu wakasogea karibu. Fungo akainua uso kwa mara ya kwanza. Macho yake hayakupepesa. Akawatazama wote, mmoja mmoja, kama anayewafahamu kwa ndani.

"Nimeshiba nyinyi," akasema.

Akainuka polepole, ardhi ikatitia chini yake. "Mikate iliyobaki chukueni. Sitaki kitu." Akaondoka, na hakuonekana tena katika soko lile.

Umazi akamchukua Nyevu, akamchukua na Mbeyu, akawaweka jikoni kwake. Akawafunga ukindu, ule wa kusukia mikeka, kiunoni, akaufunga ukindu kwenye nguzo, maana upepo ulikuwa umeanza kuvuma.

Siku ya kwanza akapika kunde na mnavu. Mbeyu akala akilia. Nyevu akala akasema, "Chungu, wifi." Umazi akasema, "Kula."

Siku ya pili akapika mchunga na dagaa. Mbeyu akatapika kitu cheupe kama pamba, kisha akaomba tena. Nyevu akala kidogo. "Chungu, wifi." "Kula, nakuomba."

Siku ya tatu akapika majani ya maboga na ugali wa mtama. Mbeyu akala, akashuka kwenye kigoda, na miguu yake ikalia sakafuni, pu, pu. Umazi akamkumbatia, akafunika uso kwa mikono ya mtoto, akalia.

Alipogeuka, nguzoni pamebaki ukindu mtupu.

Nyevu alikuwa ameficha mkate mmoja kwenye pindo la nguo tangu siku ile Fungo alipoiacha mikate sokoni. Alikuwa uani, mchana kweupe, anatafuna. Nyayo zake hazikugusa chini.

"Tupa, wifi," Umazi akasema. Aliogopa kupiga kelele, kana kwamba pumzi yake ingemsukuma.

"Huu tu," Nyevu akasema. "Huu wa mwisho."

Umazi akamrukia, akamshika mkono. Ulikuwa kama kushika moshi. Upepo ukaja, ukapita kati yao. Nyevu akapanda juu ya paa, akapanda juu ya miti, na bado alikuwa anatafuna. Mbeyu akaita, "Shangazi," mara tatu. Hakujibiwa.

Mtoto alikua, akasuka mikeka kama mama yake, akapika kunde kama mama yake. Lakini upepo ukivuma kutoka upande alikopotelea Nyevu, mama na binti huacha kusuka. Kwa juu husikika mtu akitafuna, akitafuna, asiyeshiba.

Basi mnaonisikiliza, mkiwa na kidogo mkononi, msikitoe kwa kinachojaza kapu na kuacha mwili mtupu. Nunueni kunde, nunueni dagaa na mtama, chumeni mboga zilizoota karibu. Na ukimpenda mtoto, usimpe kinachomnyamazisha tu. Mpe kinachomjenga.

Yangu nimeyamwaga yote, sikubakiza. Aliyeyapata ayabebe, aliyesinzia amwulize jirani yake.