Mafuta ya Nywele za Simba

"Nitoe ngano, nisitoe?"
"Toa!"
"Ina meno, hii."
"Toa hivyo hivyo!"

Haya basi, sogeeni. Na wewe wa mlangoni, rudishia mlango. Siogopi kitu mimi, rudishia tu.

Palikuwa na Simba, na Simba huyo alikuwa na nywele za shingoni zilizojulikana nchi nzima. Alizipenda kuliko kula, na kula alikupenda kupita kiasi. Kila asubuhi alizipaka mafuta. Mafuta gani? Ya mnyama. Leo ngiri, kesho pofu, keshokutwa mtoto wa kiboko, kachunwa, kayeyushwa, kapakwa. Lakini kadiri alivyopaka ndivyo zilivyokauka. Akijikuna, zinaanguka. Akijitikisa, zinaanguka. Nzi wakamfuata, zii, zii, zii, na nyuma ya sikio kikatokea kipara cha ukubwa wa sahani.

Fisi, mpambe wake, ndiye aliyemtia maneno. "Bwana mkubwa, dawa ya kipara ni mafuta ya pimbi. Tena yuko mmoja kule majabalini, msusi. Tazama manyoya yake yanavyong'aa. Hayo ni mafuta ya ndani."

Hivyo ndivyo Bi Pimbi alivyojikuta pangoni kwa Simba, Fisi kamkaba shingo, mkoba wake wa kazi ungali begani. Mbele yake kulikuwa na chungu mekoni. Maji yalikuwa yanachemka, tokoto, tokoto, tokoto. Pimbi hakuuliza ni ya nini.

"Mtie," Simba akasema.

Pimbi akasema kwa sauti ndogo, "Bwana mkubwa, mimi ni msusi. Msusi hatibu kichwa asichokipima. Ukinipika bila kupima, na nywele zikakataa, utamuuliza nani tena?"

Simba akanguruma, nguuuu, vijiwe vikadondoka kutoka juu ya pango. "Pima upesi."

Pimbi akaomba bakuli la maji. Akachomoa unywele mmoja wa Simba, akausugua kwa majivu mpaka ukatakata, akauweka juu ya maji. Unywele ukakaa kidogo, ukazama, dii, mpaka chini. Akachomoa wa pili, huu hakuusugua. Ukaelea.

"Huu wa kwanza ni unywele wako wenyewe," akasema. "Wapo wenye nywele zisizokunywa maji. Hao hupaka mafuta mepesi, ya ufuta au ya alizeti. Zako zinakunywa, zina kiu, zinataka mafuta mazito ya mmea yaingie yakae. Mafuta ya nyonyo. Huu wa pili umezibwa na shahamu, haya mafuta ya wanyama unayopaka. Una kiu na mlango umefungwa. Na mimi, Bwana mkubwa, ukinipika ni shahamu hiyo hiyo."

"Mwongo huyo," Fisi akasema. "Maji yanapungua chunguni."

Simba aliuinamia ule unywele uliozama, akautazama kwa huzuni. "Yako wapi hayo mafuta?"

Pimbi akafungua mkoba. Akatoa kibuyu cha ufuta, akakiweka kando. Akatoa kibuyu cha nyonyo, akakiweka mbele ya Simba. Mkono wake ukagusa kibuyu cha tatu, na hapo akamkumbuka dada yake. Dada yake alikuwa anaota jua juu ya jabali pamoja na pimbi wenzake, wote wamekaa, wote wana pua, na hakuna aliyenusa kitu mpaka Simba alipokuwa tayari amemshika. Basi wazo likamjia. Lilimtisha kuliko chungu. Akakitoa kibuyu nusu, kisha akakirudisha haraka haraka, lakini si haraka mno.

"Na hicho?" Simba akauliza.

"Hicho si chako, Bwana mkubwa. Ni mafuta ya nazi yaliyolazwa na maua ya vilua, asumini na karafuu. Ya maharusi hayo. Yananukia kupita kiasi."

"Kiasi gani?"

"Bibi harusi akiwa bondeni, mlimani wanajua."

"Na mimi je, mlimani wasijue?"

"Bwana mkubwa, nakuonya mapema, usije ukasema..."

"Changanya na nyonyo. Chote."

Pimbi akachanganya. Akapaka, akasugua, akapaka, akasugua. Kila vidole vilipofika karibu na shavu, Simba alipiga mwayo, na Pimbi aliliona koo lote mpaka ndani. Alitaka kulia lakini aliogopa chozi lisije likaingia kwenye mafuta. Alipomaliza, Simba akamwaga yale maji ya moto nje. "Zikikauka, utakuja."

"Nitakuja, Bwana mkubwa."

Haukupita muda, nywele zikaacha kuanguka. Kipara kikaota. Simba akang'aa, akaenda kuwinda. Ananyata, nya, nya, nya. Pundamilia wakainua pua. "Kuna harusi?" "Hakuna harusi." Prrrr, hao, vumbi tupu. Akaenda kwa nyati. Ananyata, nya, nya, nya. "Kuna harusi?" "Hakuna harusi." Gurugurugu, hao. Wakifika mlimani wanageuka na kupaza sauti, "Bwana mkubwa, leo umependeza." Simba anafurahi, anainua mkia, anarudi kwake na njaa.

Mtasema, si angeacha kupaka? Ninyi mngeacha? Nawaona mlivyosuka.

Mbavu zikaanza kuhesabika. Jamaa pekee aliyeizoea ile harufu, akawa haikimbii tena, alikuwa Fisi. Siku moja Fisi alilala karibu na bwana wake kama kawaida. Pimbi alipokuja kupaka, alikuta mkia tu, na Simba anajilamba.

Baada ya hapo, nyama pekee iliyokuja karibu na Simba kwa miguu yake mwenyewe ilikuwa Bi Pimbi. Asipokwenda, nywele zitakauka, naye atafuatwa majabalini, na majabalini kuna watoto. Basi anakwenda. Anapaka, anasugua, anapaka, anasugua.

"Bi Pimbi."

"Abee, Bwana mkubwa."

"Mafuta haya, nani mwingine anajua kuyachanganya?"

Pimbi akachota mafuta mengine. "Hakuna."

"Hata mwanao hujamfundisha?"

"Sijamfundisha, wala sitamfundisha."

Simba akafumbua kinywa. Tone la mate likadondoka juu ya mkono wa Pimbi, lilikuwa la moto. "Endelea kupaka," Simba akasema.

Pimbi akaendelea kupaka.

Funzo lenyewe ni hili, na mlishike, maana nimechoka kuwafunza: pimeni nywele zenu kwenye bakuli, pakeni mafuta ya mimea, na mtu akifungua kazi aombe Mungu apate mteja wa kudumu, kama Bi Pimbi. Nani hataki mteja wa kudumu?

Ngano yangu naiweka chini. Atakayeiokota, ni yake na meno yake.